Mzazi Naye Ni Mwanafunzi

Neno shule linapotajwa, wengi wetu huona katika fikira majengo yaliyopakwa chokaa, kipande cha reli kinachogongwa kuwa kengele, ubao mweusi, na watoto waliovaa sare. Ni nadra mtu kukumbuka jiko la mafiga matatu, au mkeka uliotandikwa barazani wakati wa jioni. Hata hivyo, huko ndiko mtoto anakopata mafunzo yake ya awali, na mwalimu wake wa kwanza ni mzazi wake. Jambo hili limesemwa mara nyingi hata limekuwa kama salamu. Watu huliitikia bila kulifikiri. Lisilosemwa mara nyingi ni lile linalofuata baada yake: kwamba mwalimu asiyesoma hukauka, na kwamba mzazi, kwa kuwa ni mwalimu, hana budi kuwa mwanafunzi maisha yake yote. Hilo ndilo tunalokusudia kulijadili katika insha hii.

Wapo watakaotupinga kwa methali. Watasema, samaki mkunje angali mbichi. Na kwa kuwa mtu mzima amekwisha kukauka, kumkunja ni kumvunja. Sisi hatuikatai methali hiyo, lakini tunasema imetumiwa mahali pasipo pake. Wahenga waliisema kuhusu malezi ya tabia, wala hawakuisema kuhusu elimu. Kuhusu elimu walisema kwamba haina mwisho, na wakasema tena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakuweka umri katika methali hizo, nasi hatuna ruhusa ya kuuweka.

Tukitazama utamaduni wetu, twaona kwamba kusoma kwa mtu mzima si jambo lililoletwa juzi. Katika jamii zetu nyingi mafunzo hayakuishia ujanani. Kungwi aliyewafunda wari alikuwa naye amejifunza kwa makungwi wakubwa kuliko yeye, na aliweza kurudi kwao kuuliza. Mganga wa miti shamba aliyefika umri wa kuwa na wajukuu aliweza kusafiri siku kadhaa kwenda kujifunza mti mmoja asioujua. Hakuna aliyemcheka. Kinyume chake, kicheko kingemwangukia yule aliyejidai kuwa amemaliza.

Pwani nako tuna ushahidi wa maandishi. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Watu wengi wameujadili utendi huo kwa sababu ya nasaha zilizomo juu ya mke na mume. Sisi tunapenda kuutazama kwa sababu nyingine. Mama yule, akiwa mgonjwa, anamwita binti yake aje aketi karibu akiwa na wino na karatasi. Maana yake ni kwamba nyumba ile ilikuwa na mama ajuaye kutunga na binti atazamiwaye kuandika, na somo lilifanyika chumbani, si kwingineko. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, karani wa serikali ambaye elimu yake ya shuleni ilikuwa fupi, aliwatungia watoto wake Utenzi wa Adili na Utenzi wa Hati, mmoja kwa mwanawe wa kiume na mwingine kwa binti yake. Ni mtu aliyejifundisha mengi akiwa mtu mzima, na matunda ya kujifundisha kwake aliyaleta kwanza nyumbani. Taifa zima likala baadaye.

Kwa wananchi wengi, hata hivyo, mambo hayakuwa hivyo. Wakati wa ukoloni elimu ya maandishi iliondolewa nyumbani ikafungiwa mahali pachache, na funguo wakapewa wachache. Tulipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1967 hesabu ilikuwa karibu watu 7 katika kila 10. Tunapoisoma hesabu hiyo leo tunaona upungufu wa maarifa peke yake. Waliokuwamo ndani yake waliona jambo jingine, nalo ni upungufu wa heshima.

Hebu tufikiri juu ya barua. Mama asiyejua kusoma hupokea barua kutoka kwa ndugu yake aliye mbali. Hawezi kuifungua na kujua yaliyomo. Ni lazima amtafute mtu wa kumsomea. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto wake mwenyewe aliye darasa la tatu au la nne. Basi mtoto hujua habari za deni, za ugonjwa, za ugomvi wa mirathi, kabla ya mama yake. Hujua hata yale ambayo mjomba hakukusudia mtoto ayajue. Na mama naye, akitaka kujibu, humwambia mtoto maneno ya kuandika, akiyapunguza na kuyaficha kwa sababu ya aibu. Katika nyumba ya namna hiyo elimu ya mtoto ni baraka, lakini pia ni upanga. Mtoto huanza kuona kwamba yeye ndiye anayejua, na mzazi huanza kunyamaza pale alipopaswa kusema. Sisi tunaamini kwamba hilo lilikuwa jeraha kubwa la familia zetu, kubwa kuliko kukosa kutia sahihi.

Viongozi wetu waliliona jambo hili mapema. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kuhusu Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, mwaka 1964, alieleza kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaleta matokeo katika uchumi, bali watu wazima wanaweza kuleta mabadiliko sasa hivi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya sita za kuanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma: Mafia, Ukerewe, Pare, Kilimanjaro, Masasi na Dar es Salaam. Zikafuata kampeni za redio, kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu kiasi cha milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walisikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba choo au kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Somo lilianza sikioni likaishia mkononi.

Sisi tulizaliwa katika wilaya ya Masasi, na mama yetu mzazi alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kisomo. Alijiandikisha mwaka 1977, naye wakati huo alikuwa na watoto watano. Mwaka uliofuata nasi tukaingia darasa la kwanza, katika wimbi lile kubwa la watoto lililotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974 na utekelezaji wa elimu ya msingi kwa wote. Basi nyumba moja ikawa na wanafunzi wawili wa herufi a, e, i, o, u: mmoja wa miaka saba asubuhi, na mwingine wa miaka thelathini na kitu alasiri.

Darasa la mama lilikuwa chini ya mwembe, karibu na ghala la kijiji. Walisoma siku tatu kwa juma, saa kumi hadi saa kumi na mbili, baada ya kutoka shambani na kabla ya kupika. Wengine walikuja na watoto mgongoni. Vitabu vya kisomo wakati ule vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: pamba kwa wakulima wa pamba, samaki kwa wavuvi, migomba, mifugo, mahindi, na kadhalika. Hicho ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mtu hakusoma habari za theluji; alisoma neno jembe ilhali jembe lake limeegemea mti pembeni. Kwa akina mama wa kwetu palikuwa na faida ya pili. Wengi walisema Kimakua au Kiyao nyumbani, na Kiswahili walikijua cha sokoni tu. Chini ya mwembe walijifunza kusoma, na wakati uo huo wakajifunza kusimama na kusema maneno marefu kwa lugha ya taifa. Baadaye sauti zao zikaanza kusikika katika mikutano ya kijiji.

Mwalimu wao alikuwa binti wa jirani aliyemaliza darasa la saba. Walimu wa namna hiyo walijitolea, wakapewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, nayo haikuwa ikifika kila mwezi. Hapa pana jambo la utamaduni linalostahili kuelezwa, kwa kuwa wengi walidhani ndilo litakalovunja kisomo. Je, mama wa watoto watano atakubalije kusahihishwa na binti ambaye juzi alimbeba? Wanadarasa walilitatua bila kuandikiwa kanuni. Binti alipofika alizunguka akawaamkia wote, mmoja mmoja: "Shikamoo mama, shikamoo bibi, shikamoo babu." Nao wakaitikia marahaba kwa utulivu. Baada ya hapo aligeuka akashika chaki, na tangu dakika hiyo wote walimwita mwalimu. Somo likiisha alirudi kuwa mtoto wao, akambebea bibi kizee kibao chake hadi nyumbani. Heshima ya umri haikupungua, na heshima ya elimu ikapata mahali pake. Tumeona mikutano mingi ya watu waliosoma sana ambayo haikuweza kuzipanga heshima hizo mbili kwa ustadi kama ule.

Wenye kucheka hawakukosekana. Waliliita darasa lile ngumbaru, na mwanamume mmoja alikuwa akipita na baiskeli akiuliza kwa sauti kama mtihani wa darasa la saba umekaribia. Mama hakumjibu. Nyumbani alituambia kwamba anayekucheka ukipanda mbegu huja kukuomba wakati wa mavuno. Mwanamume yule naye alijiandikisha mwaka 1980.

Usiku mama alikaa nasi mbele ya koroboi, daftari lake upande mmoja na letu upande mwingine. Kabla ya kisomo alikuwa akituuliza kila siku, "Leo mmesoma nini?" nasi tukajibu lolote lililotujia, maana hapakuwa na njia ya kutupima. Baada ya kisomo swali likawa lile lile, ila mkono wake ukanyooshwa kupokea daftari. Alifuata mistari kwa kidole. Alipokuta neno lililokosewa hakutuambia kosa ni lipi, alisema, "Hapa pana mgonjwa, mtafuteni." Kuna siku aliona mgonjwa mahali pasipokuwa na mgonjwa, tukabishana hadi tukakubaliana kumuuliza mwalimu wake kesho yake. Mwalimu alisema sisi ndio tuliokuwa sahihi. Mama akatikisa kichwa, akaandika neno lile mara kumi katika daftari lake. Hatukupewa somo kubwa kuliko hilo katika miaka yetu yote ya shule. Tuliona kwamba mtu mzima anaweza kukosea, akaambiwa, akajisahihisha, na akabaki kuwa mama yetu.

Manufaa mengine yalionekana penye mizani. Msimu wa korosho wa mwaka 1979 mama alipeleka magunia matatu. Mnunuzi alipima na kutaja kila gunia: kilo 62, kilo 58, kilo 71. Kisha akaandika jumla, kilo 181, akamnyoshea stakabadhi aweke dole gumba. Mama aliomba kalamu. Aliandika zile namba tatu nyuma ya karatasi, moja chini ya nyingine kama alivyofundishwa, akajumlisha polepole huku foleni ikinung'unika, akapata 191. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu mwizi. Alisema tu, "Mwanangu, hesabu zetu hazikupatana, tuzirudie pamoja." Zikarudiwa. Kilo 10 zikarudi mahali pake. Waliokuwa nyuma yake katika foleni wakaanza nao kuomba kalamu, na walioshindwa kuitumia walijiandikisha juma lile lile.

Mwaka 1981, katika mtihani wa taifa wa kisomo, mama alifaulu hatua ya tatu, nayo ndiyo iliyomhesabu mtu kuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika. Baada ya hapo alianza kuandika vitendawili na hadithi alizosimuliwa na mama yake, akizipanga katika daftari la kurasa 48. Zipo hadithi humo ambazo hatujaziona katika kitabu chochote. Sisi ambao leo twaitwa washairi tulianza kupata vina na mizani katika daftari hilo.

Hatupendi kuipamba habari hii kupita kiasi. Wapo waliojiandikisha wakahudhuria mara mbili tu. Wapo waliojifunza kuandika jina lao, wakaridhika. Mahali pengine taa za karabai hazikuwa na mafuta, na vitabu vilikwisha kabla ya hatua ya pili. Lakini kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa. Mwaka 1975 watu wazima zaidi ya milioni 3 walikaa kufanya mtihani, na wasiojua kusoma wakakadiriwa kuwa asilimia 39. Kufikia mwaka 1986 kadirio lilikuwa asilimia 10 hivi. Kisha upepo ukageuka. Vita vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei za mafuta, na masharti ya uchumi yaliyokuja baadaye vilipunguza fedha za elimu. Posho za walimu wa kisomo zikakoma na madarasa mengi yakafa. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma na kuandika. Hesabu ya mtihani na hesabu ya sensa si kitu kimoja, na hatupaswi kuzilinganisha kana kwamba zimepimwa kwa kibaba kimoja. Hata hivyo, kila aliyeishi vijijini aliona kwa macho yake mwembe ukibaki na kivuli bila darasa.

Huenda kijana akasema kwamba mambo haya ni ya zamani, na kwamba wazazi wa leo wamesoma. Basi na akumbuke mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote zilifungwa, na wanafunzi wa shule za msingi na wa vidato vingi vya sekondari hawakurudi hadi mwisho wa mwezi Juni. Kwa miezi mitatu na zaidi kila nyumba ilikuwa shule, ikiwa ilipenda au haikupenda. Vipindi vilirushwa katika redio na televisheni, lakini redio haijibu swali. Mtoto aligeuka akamtazama mzazi.

Nyumbani kwetu alikuwapo binti wa kidato cha pili. Aliuliza habari za milinganyo ya aljebra, somo ambalo tuliliacha tulipomaliza kidato cha nne miaka zaidi ya thelathini nyuma, na ambalo kazi ya masijala haikutudai hata siku moja. Tulikuwa na njia mbili: kumwambia asubiri shule zifunguliwe, au kusoma. Tukasoma. Usiku, wengine wakilala, tulikaa na kitabu chake tukakipitia ukurasa kwa ukurasa, na asubuhi tulimweleza tulichokielewa. Siku nyingine alitutangulia, akatueleza yeye. Wazazi wengi wa mtaani walifanya vivyo hivyo. Wengine walibadilishana, fundi seremala akifundisha vipimo na muuguzi akifundisha biolojia. Tatizo moja lilituzidi nguvu sote. Mzazi aliyemaliza darasa la saba aliweza kumfuata mtoto wa shule ya msingi, kwa sababu masomo ni kwa Kiswahili. Mtoto akiingia sekondari, Kiingereza kilifunga mlango, na mzazi mwenye akili timamu akabaki nje akigonga. Taifa linalotaka wazazi wasaidie kufundisha halina budi kufikiri ni kwa lugha gani litawaruhusu kufanya hivyo.

Katika haya yote tunapata mafunzo matatu. Kwanza, mzazi hahitaji kujua yote ili afundishe. Anahitaji kuonekana akitafuta. Mtoto humwiga mzazi katika kulima na katika kusema, basi atamwiga katika kusoma pia. Pili, kinachomzuia mtu mzima ni haya zaidi ya umri, na haya huondolewa na wale wanaomzunguka kwa kumtendea adabu. Binti yule wa chini ya mwembe alilijua hilo kabla ya vitabu vya ualimu. Tatu, maarifa yanapotembea pande zote mbili, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto na kurudi, familia hupata nguvu. Yakitembea upande mmoja tu, upande mwingine hunyamaza.

Walimu wetu, tunawaomba msiwaite wazazi shuleni kwa ajili ya michango na makosa peke yake. Waiteni pia kuja kuona daftari, na mkiweza fungueni chumba kimoja alasiri kwa ajili yao. Wengi wenu mlifundishwa na walimu waliotayarishwa kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, vijana waliofundisha asubuhi na kusoma wenyewe mchana. Mnajua kwamba jambo hili linawezekana.

Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani msizifunge daftari zenu katika mkoba. Zifungueni mezani au mkekani, mahali ambapo mama na baba wanaweza kuziona. Mzazi akiuliza swali ambalo kwenu ni jepesi, mjibuni kama mnavyopenda mwalimu awajibu ninyi. Na siku mtakapokuwa wazazi, nunueni kalamu ya ziada, iwe yenu wenyewe.